Kiambatisho chenye Mikia Miwili

"Mgeni hakubisha hodi. Amepitia dirishani."

Nyenyere aliusoma ujumbe wa bosi wake mara moja, akaufuta.

Saa tatu na robo asubuhi. Alikuwa ndani ya Toyota nyeupe, ng'ambo ya jengo la vibali vya mizigo. Katika idara ya ujasusi walimpa jina la yule sisimizi mdogo mweusi, maana hakuna ufa aliowahi kushindwa kuupenya. Mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwenye uso ambao watu huusahau kabla hajamaliza kuwapita.

Chini ya koti, bastola aina ya Glock. Ndani ya mkoba, kompyuta ndogo iliyong'olewa kila kitu cha kuiunganisha na mtandao. Aliiita Kipofu.

Akapiga simu.

"Mjomba."

"Kuna kompyuta humo inaongea na watu wa nje tangu saa tatu kasorobo," bosi wake alisema. "Lile kontena la vigae unalikumbuka?"

"Lenye vilipuzi chini ya vigae. Wakaguzi wanalifungua leo saa sita."

"Kwenye mfumo wao bado ni jekundu. Likigeuka kijani, linatoka. Lori la kulibeba liko getini."

"Lizuieni, basi."

"Dereva ni mkia. Mimi nataka kichwa. Ingia kama mkaguzi wa kompyuta. Usimwamini mtu."

"Na wewe je?"

Mjomba akakata simu.

Ghorofa ya pili. Chumba kirefu, meza tano, feni moja inayolalamika. Mwisho wa chumba, ofisi ya Mkuu, mlango umefungwa na pazia limeshushwa.

"Ukaguzi wa kompyuta," Nyenyere alisema.

Vichwa vitano vikainuka. Vikarudi chini upesi mno.

Alipita nyuma ya viti taratibu. Mmoja alikuwa anakunja karatasi isiyohitaji kukunjwa. Mwingine alikuwa ameanza kutoka jasho. Kwenye meza ya dirishani, mama mmoja aliyekaribia kustaafu aligeuza kioo cha kompyuta kikatazama ukuta.

Wenzake walimwita Mama Vibali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, mwanangu."

Nyenyere akakigeuza kioo.

Barua pepe. Mtumaji: Mkurugenzi. *Orodha ya watakaopunguzwa kazini. Siri. Fungua ndani ya saa moja, kisha ufute.* Chini yake, kiambatisho.

"Umekifungua?"

"Haki ya Mungu, sijafungua. Lakini mkono unaniwasha tangu asubuhi. Nimebakiza miaka miwili tu, mwanangu. Kama jina langu limo, si bora nijue?"

Nyenyere alimkazia macho. Watu wengi walikwisha kumdanganya wakiwa na sura za huruma kuliko hiyo.

"Soma anwani ya mtumaji. Herufi kwa herufi."

Mama Vibali akavaa miwani. "V, i, b, a, l... Mbona hapa mwisho pana moja? Hii si i. Ni tarakimu!"

"Na jina la faili?"

"Orodha, nukta, pdf." Akasogeza uso karibu na kioo. "Halafu nukta nyingine. Exe."

"Mikia miwili. Wa kwanza wa kukuhadaa, wa pili wa kweli. Hiyo si karatasi, mama. Ni programu. Ukiifungua, umempa mwizi ufunguo. Mkurugenzi huwa anakuandikia?"

"Miaka thelathini! Hata nilipofiwa na mume wangu hakuniandikia pole."

"Mpigie. Tumia namba iliyo kwenye kitabu cha ofisi, si hiyo ya kwenye barua."

Mama Vibali akapiga. Akasikiliza. Mabega yakamshuka.

"Katibu wake anasema hakuna orodha yoyote."

Nyenyere akasimama katikati ya chumba.

"Barua hii mmeipata wote. Kuna mmoja ameifungua. Huyo ameteleza tu, na kuteleza si kuanguka. Lakini akinyamaza, watu watakufa. Ni nani?"

Feni ikalalamika.

"Mimi."

Sauti ilitoka mlango wa kuingilia. Mwanamume mnene mwenye tai alikuwa amesimama pale na vikombe viwili vya chai.

Alikuwa Mkuu mwenyewe.

"Niliifungua saa tatu kasorobo," alisema polepole. "Kioo kikawa cheusi. Chini ya barua palikuwa na namba ya fundi. Nikampigia. Niliona aibu kumwambia mtu mwingine. Akafika baada ya dakika kumi."

"Dakika kumi?" Mama Vibali aliruka. "Fundi wetu huja baada ya siku tatu, tena kwa kubembelezwa!"

"Yuko wapi?" Nyenyere aliuliza.

Mkuu akatazama mlango wenye pazia.

"Na kadi yako ya kuidhinishia mizigo?"

Chai ikamwagika. "Aliniambia niiache kwenye mashine."

Nywila walishaiba kwa barua. Kadi walihitaji mtu wa kuja kuigusa.

Bastola ilikuwa mkononi kabla kikombe hakijafika sakafuni. Kitasa kilikataa. Nyenyere akarudi nyuma hatua mbili.

Teke moja.

Mlango ukatoka na bawaba zake. Mtu mwenye ovaroli aligeuka na bisibisi, akamrukia. Nyenyere akainama, akamdaka kifundo cha mkono, akakizungusha hadi kikalia. Bisibisi ikaanguka. Kiwiko shingoni. Mtu naye akaanguka.

Kwenye kioo, mstari wa lile kontena uligeuka kutoka nyekundu kuwa kijani.

Mkuu alikimbilia swichi.

"Usiizime! Ukizima, ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu utapotea. Chomoa waya wa mtandao tu!"

Mkuu akauchomoa.

"Mjomba, ni kijani," Nyenyere alisema kwenye redio ya mfukoni. "Msimguse dereva bado."

"Una dakika tano."

Simu ya fundi ikang'aa mezani. *Tayari?*

Nyenyere akamshika fundi kidole, akaifungua simu. Akaandika: *Tayari. Geti wanataka saini ya mwenye mzigo. Njoo mwenyewe, upesi.*

Sekunde zikapita. Pengine wangepiga kuisikia sauti yake. Pengine wangeshtuka na kutoweka.

*Nakuja.*

Dakika nne baadaye redio ikakoroma. "Gari jeusi. Mwanamume mmoja, pasi tatu za nchi tatu. Tunaye. Kontena halijasogea hata shibri. Ulimpataje?"

"Nilimwandikia. Hakuhakiki aliyetuma."

Alinakili ile barua na kiambatisho kwenye flashi, akaviingiza ndani ya Kipofu. Humo programu ingejaribu kuwaita mabwana zake walio nje, isipate njia, na mafundi wa idara wangejua ilikuwa inamwita nani. Wanaume wawili wakapanda ngazi, wakamchukua mtu wa ovaroli.

Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni, tai imelegea.

"Nitafukuzwa?"

"Sijui, mzee. Nitaandika kwamba ulisema mwenyewe, na ulisema kabla jua halijawachwea. Nywila zote zibadilishwe leo, kwenye mashine nyingine. Hii isiguswe."

"Ahsante."

"Mshukuru mama. Alikuwa na hamu kubwa kuliko wewe, na hakufungua."

Mama Vibali alijifuta macho kwa upindo wa kitambaa, akacheka. "Usinisifu, mwanangu. Ungechelewa kidogo ningefungua."

Nyenyere naye akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi. Getini, lori lilikuwa limezingirwa, na watu walikuwa wakikimbilia kulitazama.

Yeye akapita katikati yao, akielekea upande wa pili. Hakuna aliyegeuka kumtazama.