Gwanda na Kilemba cha Ketura

Gwanda-hai lilikuwa likimpanda Ekai Lomuria kuanzia nyayoni, na Ekai alikuwa akicheka kama mtoto anayetekenywa.

"Jamani, hili lina mikono baridi!"

Alisimama na kaptura tu ndani ya kizimba cha glasi. Uji wa kijani ulimiminika kutoka kwenye mabomba, ukamfika magoti, ukamfika mapaja, ukaila kaptura, ukapanda kiuno. Ulipogusa ngozi ulishika, na ulipokwisha kushika ukawa nguo. Lakini si nguo ya cherehani. Ilikuwa nguo yenye uhai, iliyooteshwa kwa kuvu na kwa nyuzi za umeme nyembamba kuliko utando wa buibui. Ikishakuvaa ilikula jasho lako, ilikuchujia hewa unayovuta, ilikuonya sikioni kwa sauti yake yenyewe, na ukikatwa iliziba jeraha kabla hujapata nafasi ya kulia. Jeshi la Ukanda wa Ziwa Kavu lilikuwa limeacha kununua mashati, mikanda na buti. Hata bandeji liliacha kununua, maana za nini tena? Askari aliyepangiwa zamu ya ziwani aliingia kizimbani mara moja, akatoka amevikwa, na gwanda lile halikumtoka mpaka zamu yake iishe, miezi na miezi.

Lilipofika kwenye kifundo cha mkono wa Ekai likakuta ushanga. Likasita kidogo, kama mbuzi anayenusa jani asilolijua, kisha likaula. Shanga zikalainika, zikayeyuka, zikapotea. Ekai akaacha kucheka.

"Ule alinifunga mama," alisema.

"Pole," Ketura Nyokabi alimwambia kutoka nje ya kizimba, na bila kujua akapeleka mkono kichwani, kwenye kilemba chake cheupe.

Ketura alikuwa wa Wakorino, watu wa vilemba. Tangu utoto wake, kila alfajiri mama yake alimmiminia maji, naye akavua viatu, akasimama mbele ya Mungu kichwa wazi kwa kitambo kidogo, halafu akakizungusha kitambaa kwa mikono yake mwenyewe huku akiomba. Kwao kilemba hakikuwa kofia. Kilikuwa ahadi, na ahadi ile ilifungwa upya kila kulipokucha. Kanuni ya jeshi nayo ilikuwa fupi: kichwa kinyolewe, na kisiwe na kitu juu yake.

Lakini jeshi alilitaka kwa moyo wote. Ziwa lilipokauka liliacha vumbi jeupe la chumvi na sumu, na vumbi lile ndilo lililomkohoza baba yake mpaka akafa amekaa, maana kulala kulimkaba. Askari wa Ukanda ndio waliosimamisha minara ya upepo ya kulizuia lisifike vijijini. Ketura alitaka kuwa mmoja wao, na alitaka kuwa mmoja wao akiwa yeye, na kilemba chake.

Ndipo akaitwa mbele ya Kanali Cherotich. Kanali alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na pembeni yake aliketi Inginia Mulwa, aliyeyafundisha magwanda akili yao.

"Sikiliza, binti," Kanali alisema. "Sheria inakupa haki ya dini yako. Mimi sina ugomvi na kitambaa. Mwenye ugomvi ni huyu mtoto wa Mulwa."

Mulwa akacheka. "Gwanda halina ubaya, Afande. Ni kwamba linajua vitu viwili tu, mwili na uchafu. Mwili linaulinda, uchafu linaula."

"Na kilemba changu ni kipi?" Ketura aliuliza.

"Kwa sasa ni uchafu. Usikasirike, dada yangu. Hata pete yangu ya ndoa kwa gwanda ni uchafu. Mke wangu mpaka leo hajanielewa."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Nani amesema?" Mulwa alijisogeza mbele, macho yakimng'aa kama fundi aliyepewa kazi anayoipenda. "Nitalifundisha kwamba kilemba ni sehemu ya kichwa chako. Litakilinda kama linavyolinda sikio lako."

"Na alfajiri nikitaka kukifungua?"

"Utafungua. Si ni kitambaa?"

Mulwa akalifundisha gwanda moja, wakajaribu siku hiyohiyo kizimbani. Gwanda lilimpanda Ketura mpaka shingoni, likapanda nyuma ya masikio, likafika kwenye ukingo wa kilemba. Wote wakabana pumzi. Likapapasa, likasita, likatulia. Ketura akakifungua kilemba, akakifunga, akakifungua tena. Kanali akapiga makofi. Mulwa akapangusa kipaji cha uso wake. Kule nyumbani habari zilipofika, ngoma zilipigwa kanisani mpaka ngozi ya ngoma moja ikapasuka, na mama yake Ketura akalia machozi ya furaha mbele za watu.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake siku ile. Hilo Ketura alikuja kulifikiria sana baadaye, kwamba chumba kizima kilijaa watu waliomtakia mema.

Walipelekwa ziwani, kwenye mnara wa mwisho upande wa magharibi, wao watatu: Ketura, Ekai, na Sajini Baraza, mzee wa kazi aliyekoroma hata mchana. Kila alfajiri Ketura alitoka nje ya kibanda cha mnara kabla upepo haujaamka. Nyayo za gwanda alizikunja mpaka vidole vikagusa chumvi, maana viatu vingine hakuwa navyo vya kuvua, akafungua kilemba, akaomba, akakifunga.

"Dada Kilemba," Ekai alimtania, "hicho kitambaa ni mita ngapi? Tunaweza kuanika nyama ya kambi nzima hapo."

"Anika ulimi wako kwanza, ni mrefu zaidi."

"Mkamwana wa mama yangu atakuwa na maneno hivi? Ngoja nimwambie."

"Nani kakwambia nitakuwa mkamwana wa mama yako?"

"Sajini, umesikia? Hajakataa!"

Sajini Baraza akakoroma.

Halafu vumbi likaja, lile kubwa, lililofunika jua kwa juma zima. Hakuna aliyeweza kufunua hata ukope. Ketura alisali ndani, kilemba kikiwa palepale kichwani, akimwomba Mungu amwie radhi. Vumbi lilipopungua alijaribu kukifungua, akasikia kinakaza. Gwanda likamsemesha sikioni kwa ile sauti yake ya upole, ya kike: "Polepole." Akadhani ni chumvi imekigandisha. Atakilowanisha kesho, alijiambia. Siku hiyo mnara ulikuwa unayumba na kazi ilikuwa nyingi.

Siku hiyohiyo, jua likiwa limesimama katikati, waya uliokuwa umeushika mnara ulikatika. Bawa la chuma likashuka likizunguka. Ekai alimsukuma Sajini kando, na bawa likampata yeye pajani. Lilikata nyama, na lilikata gwanda pale kwenye paja ambapo gwanda huweka moyo wake, na gwanda la Ekai likafa. Kijani kikawa kijivu, kikambanduka kama ganda la kitunguu, kikavunjikavunjika. Damu ikaanza kuruka.

Sajini alikuwa amekwisha piga magoti, viganja viwili juu ya jeraha. "Kituo! Kituo! Leteni ndege-tiba, mtu wangu anavuja!"

Sauti ya kituo ikajibu kwamba ndege-tiba haiwezi kuruka, vumbi bado liko juu. Gari la ardhini limetoka. Wavumilie.

"Tunahitaji kufunga hapa juu," Sajini alisema. "Mikono haitoshi. Kamba! Mkanda! Tafuta chochote, Ketura!"

Akatazama huku na huku. Hawakuwa na mkanda, wala shati, wala kamba ya kiatu. Nyaya za mnara zilikuwa nene kama mkono. Magwanda yao yalikuwa yamewashika kama ngozi, hayakuchanika hata kwa kisu. Katika uwanda ule wote mweupe, kitambaa kilikuwa kimoja tu.

Ketura hakuwaza mara mbili. Alikuwa mdogo siku baba yake alipovua kilemba chake barabarani na kumfunga nacho mguu mwendesha bodaboda aliyegongwa, akarudi nyumbani kichwa wazi, na mama akamtengea chakula bila kuuliza neno. Akapiga magoti kando ya Sajini, akapeleka mikono kichwani, akashika pindo, akavuta.

Kilemba hakikuja.

Akavuta tena kwa nguvu zote, na safari hii akasikia maumivu, kana kwamba ni ngozi yake anayoichuna. Vidole vyake vikagusa pindo, vikakuta kijani kimeota ndani yake, uzi kwa uzi. "Umeumia kichwani," gwanda likamwambia kwa upole. "Acha kujidhuru. Tulia."

"Sijaumia! Niachie!"

"Tulia," likasema, na likakaza mikono ya Ketura palepale ilipokuwa, kuanzia bega mpaka kidole, kama gwanda lolote linavyofunga mfupa uliovunjika. Likakaza na magoti. Ketura akabaki amepiga magoti kwenye chumvi, mikono kichwani, asiweze kufungua kilemba, wala kushusha mikono kumsaidia Sajini kukandamiza.

"Ketura, unafanya nini? Lete!"

"Limenifunga, Sajini! Limenifunga!"

Sajini akanyoosha mkono mmoja kukivuta yeye. Gwanda lake mwenyewe likamkamata, maana magwanda yalifundishwa kutomruhusu askari kumjeruhi mwenzake. Mkono ule ukabaki angani. Akaendelea kukandamiza kwa mmoja uliobaki, akitukana, akilia, damu ikimpita kati ya vidole.

Ekai alikuwa amegeuza uso akimtazama Ketura. Midomo ilikuwa imepauka, lakini utani haukuwa umemtoka.

"Dada Kilemba," alisema. "Unanipigia saluti? Mimi si afande."

"Ekai, usilale. Gari linakuja."

"Silali. Nakuangalia tu. Mwambie mama, ule ushanga... sikuuvua mimi."

"Utamwambia mwenyewe."

Hakusema tena. Gari lilipofika, magwanda yaliona hatari imepita, yakalegea yenyewe, na mikono ya Ketura ikaanguka mapajani kama vitu visivyo vyake.

Kambini, Inginia Mulwa alikuja kumwona. Hakucheka safari hii. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalipima gwanda kwa kalamu yake ya mwanga, akapima tena, kisha akaizima.

"Nililiambia ni kichwa," alisema. "Nikalisisitizia. Kitambaa kilipokaa bila kufunguliwa likaamini kabisa. Likaota ndani yake, likapeleka hisia. Kwa gwanda, wewe ulikuwa unajikata kichwa."

"Liambie basi kwamba si kichwa."

"Nikiliambia hivyo kilemba kitakuwa uchafu. Litakila kilipo, pamoja na ngozi ambayo kimeshikana nayo."

"Na mkiliua gwanda lenyewe?"

"Linakufa na kila kilichoota. Sijui litakuachia nini." Akasugua macho. "Ketura, sikujua namna ya kulifundisha kitu cha tatu. Kitu ambacho ni cha mtu kuliko sikio lake, lakini anaweza kukitoa akampa mwingine. Nimekesha nacho. Sijui kinaandikwaje."

"Mpaka lini, Inginia?"

"Nitaendelea kutafuta."

Ketura akamwona amezeeka, akamhurumia, na huruma ile ikamkasirisha, maana hakubaki na mtu wa kumlaumu. Kanali alikuja pia, akasimama mlangoni, akasema pole. Akaongeza kwamba mabinti wengine wa Wakorino wameshaandikishwa kwa sababu yake, na wazazi wao wanamshukuru, kisha akaondoka.

Mama yake Ekai aliletwa kuuchukua mwili. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imejaa shanga, na alitembea kambini bila kumtazama mtu mpaka alipofika kwa askari waliopangwa mstari kumuaga mwanawe. Alipofika mbele ya Ketura akasimama. Ketura akainua mkono kumsalimu kama Wakorino wanavyosalimu. Mama hakuujibu mkono. Alikuwa anatazama kilemba.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiyo, mama."

"Wamenieleza alikufa kwa kukosa kitu cha kumfunga."

"Ndiyo, mama."

"Na hiki?" Mama aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia. "Hiki hakikuwapo kichwani mwako?"

Ketura akafungua mdomo. Alitaka kueleza habari za mwili na uchafu, na kuvu, na vumbi la juma zima. Yote yalikuwa kweli, na hata moja halikuwa jibu la kumpa mama yule.

"Kilikuwapo," alisema. "Nilikivuta, mama. Hakikutoka." Machozi yakamshuka, gwanda likayanywa kabla hayajafika kidevuni. "Aliniambia nikwambie, ule ushanga hakuuvua yeye."

Mama akafumba macho. Alipoyafumbua alinyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye kilemba, labda kukishika tu, labda kukichukua aende kumfunikia mwanawe. Ketura akainamisha kichwa ampe. Katika maisha yake hakuwahi kutamani kutoa kitu kama alivyotamani kukitoa kitambaa kile.

Ncha za vidole zilipogusa, sauti ya upole ikasikika, safari hii kwa nguvu, mstari mzima ukaisikia: "Tafadhali, mama. Unamuumiza."

Mkono ukarudi. Mama akamtazama binti yule aliyeinama, akamtazama kwa muda.

"Basi, mwanangu," alisema. "Kaa nacho."

Akapita.