Adabu ya Kushusha Taa

Jirani kwetu ni mtu aliye mwendo wa saa nzima kwa gari, na bado unajua alichopika. Ndivyo tuishivyo huku magharibi ya Queensland, Australia, na ndivyo tulivyoyajua yaliyompata Tamsin Pedrick na mumewe Garth. Yalianza Jumamosi asubuhi, siku kama siku nyingine, banda la magari likinuka dizeli na sufu ya kondoo.

Garth alitaka taa mbili za nyongeza kwenye ngao ya mbele ya Land Cruiser. Tamsin alimchagulia: moja ya mwali mwembamba unaokwenda mbali, nyingine ya mwanga unaotanda pembeni, kule kangaruu wanakochomokea. Alisisitiza ziwe na umanjano kidogo, kwa sababu nyeupe kali ikigonga vumbi inakurudia usoni. Garth akaenda mjini, akarudi na nyeupe kali kuliko zote dukani.

"Manjano ni za vikongwe," alisema. "Funga hizo."

Kufunga alijua Tamsin. Baba yake alikuwa fundi umeme wa magari, na yeye alikulia kichwa kikiwa chini ya boneti. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu nayo, akafunga rilei, kile kiswichi kinachowasha taa kikiamrishwa, akakwangua rangi hadi chuma kikang'aa ndipo akabana waya wa arthi. Ukabaki waya mmoja mwembamba, ule wa kuiamrisha rilei. Huo huungwa kwenye taa kali za gari lenyewe, ili dereva akishusha taa zisimuumize macho anayekuja mbele, zile za nyongeza nazo zizimike papo hapo.

"Huo uwekee swichi yake peke yake," Garth alisema. "Sitaki zizimike nikishusha."

"Utamchoma mtu macho, Garth."

"Kwani nimezinunulia nini? Mtu hataki kunishushia, nampa jua."

Mwezi uliopita jirani yetu mzee Lonergan aliingia mtaroni kwa sababu ya taa za zamani za Garth, akavunjika mkono. Garth alikwenda baa kuigiza jinsi mzee alivyotambaa akitafuta miwani yake. Aliigiza vizuri. Watu walicheka, kisha wakaona haya kwamba wamecheka.

Mama yake Garth, Noreen, alikuwa ameleta chai na mikate ya nyama baridi ya kondoo. Nchi yetu ni tambarare kama meza, na taa ya gari huonekana muda mrefu kabla hujasikia mngurumo, kwa hiyo tunashusha mapema. Noreen yeye hushusha hata kwa nyota ya jioni ikiwa chini kwenye upeo.

"Mama, jana ile nyota ilikushukuru?" Garth alimtania.

"Cheka tu. Ziko taa huku hazina gari. Zikikuona zinashusha zenyewe, kwa adabu. Wewe usiposhusha, umeziita." Akamgeukia Tamsin, akapunguza sauti. "Ukikutana nayo, mwanangu, inamisha uso. Usiitazame, hata ikikuita."

"Hizo ndizo watu wa huku huziita min-min," Garth alisema akitafuna. "Mama anaogopa vimulimuli."

"Mimi huo waya siuungi hivyo," alisema Tamsin.

Garth akamnyang'anya plaizi taratibu, akatabasamu, akambana nayo nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Alibana huku akimtazama usoni, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Tamsin alipotikisa kichwa kukubali, akamwachia. Noreen aliyaona yote. Alikusanya vikombe akaondoka.

Waya ukaungwa kwenye swichi yake.

Taa hulengwa giza likishaingia, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kwa hiyo jua lilipozama tu walitoka kwenye barabara ya changarawe inayoelekea uzio wa mpaka, Tamsin akiwa na spana na plaizi mapajani na tochi mfukoni. Ile ya kushoto ilikuwa sawa. Ya kulia ilikuwa imeinama kidogo, ikimulika majani badala ya barabara.

"Simama nikuinulie hiyo," alisema.

"Ngoja. Kuna mtu."

Mbele kabisa, nchi inapokutana na mbingu, palikuwa na taa moja. Haikuyumba kama taa ya gari kwenye changarawe. Ilitulia.

"Shusha, Garth."

"Ashushe yeye kwanza."

Ile taa ikafifia, ikateremka kidogo. Ilishusha, kama mtu anavyogusa ukingo wa kofia akipishana nawe.

Garth akabonyeza swichi.

Weupe ukaruka mbele, mashina ya nyasi yakasimama kama mifupa. Ile taa ikazimika. Garth akacheka akipiga usukani. "Umeona? Amekwenda mtaroni huyo."

"Hapa hakuna mtaro," Tamsin alisema.

Taa ikarudi. Sasa ilikuwa karibu zaidi, na hakuna injini iliyosikika. Ikashusha tena. Ilingoja. Tamsin alinyoosha mkono kwenye swichi, Garth akaupiga kofi, akaendelea kumulika.

Ikazimika.

Iliporudi zilikuwa mbili. Moja ya mwali mwembamba. Nyingine ya mwanga unaotanda. Na ile ya upande mmoja ilikuwa imeinama kidogo, ikimulika majani.

Garth akasimamisha gari. Hakucheka. Alibonyeza swichi kuzima.

Taa zao hazikuzimika.

Akabonyeza tena. Akazima injini, akachomoa ufunguo. Weupe ukabaki vilevile barabarani.

"Umefunga nini wewe?" alinong'ona. "Toka. Kata huko."

Tamsin alifungua boneti. Alichomoa fyuzi. Taa zikaendelea kuwaka. Alikata waya mnene kwa plaizi, akazitenganisha ncha mbili. Taa zikaendelea kuwaka. Akashika kile kipande kilichokwenda kwenye taa, na kilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Ndipo akatazama vumbi ndani ya mwali. Halikuwa likielea ovyo. Lilikuwa linasogea kuelekea kwenye vioo, chembe kwa chembe, kama maji yanavyokwenda shimoni.

Mwanga haukuwa unatoka. Ulikuwa unaingia.

Aliinamisha uso. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akakaza macho kwenye changarawe.

Mlango wa Garth ukafunguka. Alikuwa ameshika nyundo ya garini. Alipita mbele ya ngao, akasimama kati ya taa na barabara, kivuli chake kikalala mbele yake, kirefu, cheusi.

Hakupiga. Nyundo ilianguka.

"Tam," alisema. "Mbona umezima?"

Tamsin aliziona chembe za mchanga mbele ya viatu vyake, moja moja, kwa ukali wa ule weupe.

"Sijazima," alinong'ona.

"Giza hili. Tam, usinifanyie mzaha. Uko wapi?"

Kiganja chake kilikuwa kinauma pale alipobanwa. Angeweza kukaa kimya. Hakukaa kimya. Hilo watu wote waliosikia habari hii kwake wanaliamini, kwa sababu ndilo linalomnyima usingizi.

"Huku, Garth. Fuata sauti yangu. Huku."

Na kutoka mbele, kule zilikokuwa zile taa nyingine, sauti yake mwenyewe ikasema, kwa upole kuliko alivyowahi kuongea naye: "Huku, Garth. Fuata sauti yangu. Huku."

Akasikia viatu vikigeuka.

"Siyo huko!" Alipaza sauti. "Siyo mimi!"

"Siyo huko," sauti ya mbele ikasema. "Siyo mimi hiyo. Njoo, mpenzi."

Viatu vikaenda. Havikukimbia. Vilipapasa changarawe, hatua ya mtu anayeogopa kujikwaa, na kila hatua Garth alikuwa akisema, kwa sauti ya mtoto, "Nishike. Nishike mkono, Tam." Tamsin aliita hadi koo likakauka. Kila alichosema kilirudiwa huko mbele, kitamu zaidi.

Kisha zile taa zikashusha. Taratibu, kwa adabu. Na za gari nazo zikazimika.

Polisi walizunguka siku nyingi kwa farasi na kwa ndege. Nyayo zilikwenda moja kwa moja katikati ya barabara, zikakoma pasipo na kitu. Pale zilipokoma palikuwa na kivuli cha mtu, kimelala juu ya changarawe, mkono mmoja umenyooshwa mbele unapapasa. Saa sita mchana, vigingi vya uzio havina vivuli, chenyewe kimelala vilevile, kirefu kama cha jioni. Greda la halmashauri lilikwangua barabara mara mbili, likamwaga changarawe mpya. Kivuli kikapanda juu yake.

Tamsin alirudi kwao pwani, na haendeshi gari jua likizama. Noreen alibaki. Kila Jumapili huenda pale na kiti cha kukunja na chupa ya chai, akakaa kando ya mwanawe, ng'ombe wakizunguka mbali kukikwepa kile kivuli.

Majuzi alitupigia simu, akatuomba twende tukaangalie, maana haamini tena macho yake. Tulikwenda mchana kweupe. Kivuli kipo, mkono umenyooshwa kama zamani. Lakini haupapasi tena. Juu ya vidole vyake kuna vivuli vya vidole vingine, virefu, vimeukamata ule mkono, na hakuna kivuli cha mwili wala cha mkono vinakotokea.