Tairi la Nyuma Kushoto

"Brigitha! Njoo sebuleni, unaitwa."

Nilikuwa jikoni kwa baba mdogo Martin, huku ughaibuni, Richfield, nimesimama mbele ya sinki naosha glasi ambazo zilikuwa safi tayari. Mama mdogo Teresa akaninyang'anya kitambaa.

"We mtoto, mshenga amekaa, barua ya posa iko mezani, unaosha nini?"

"Nimechoka, mama mdogo."

"Umechoka posa yako mwenyewe?"

"Nimehudumia wazee siku tisa mfululizo. Na posa hii imeahirishwa mara tatu. Hata furaha yenyewe imefika imechoka."

"Basi ipeleke hivyo hivyo sebuleni. Nenda."

Jamani, sikuwa natania. Mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee kule Crystal. Mchumba wangu Kassian, mtu wa kwetu Ruvuma, ni fundi wa magari ya mashindano. Siyo haya magari ya kupanda mimi na wewe. Yale yana kiti kimoja tu, na matairi yote manne yamekaa nje kama miguu ya panzi. Wanaoyaendesha ni vijana wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wanaotafuta kupanda kwenda kwa wakubwa. Msimu wao unaanza Aprili unaisha Septemba, raundi nane. Wiki hii Wisconsin, wiki ile Indiana, mara Ohio. Mwanaume anarudi Jumatatu ananuka mpira na petroli, unamwekea chakula, ukigeuka amelala na viatu.

Na kwetu muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe, mshenga ndiye anayemsemea. Kassian alimchagua mzee Sosthène tangu Aprili. Mzee ni Mkongo wa Bukavu, ana miaka hamsini na kitu, na alikuwa mkuu wa mafundi kwenye timu ile ile. Mshenga na muoaji ndani ya lori moja! Kila Jumamosi tuliyoipanga ikawa na raundi. Mama mdogo anapika, baba mdogo anavaa, simu inaita, "samahanini, tuko njiani kwenda Ohio."

Nikaingia, nikapiga goti, nikaamkia. Mzee Sosthène alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, mikono juu ya magoti.

"Binti," akasema baba mdogo, "huyu mzee unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

"Anasema ametumwa na kijana anaitwa Kassian. Naye unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Kabla sijakuuliza la mwisho, nina swali kwa mgeni. Mzee, mara tatu tumekupikia hukuja. Leo pia nasikia mashindano yapo. Imekuwaje umepata nafasi?"

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Papa Martin, sitakudanganya. Walinifukuza kazi. Tangu mwezi wa saba Jumamosi zangu ziko bure."

"Kassian aliniambia umeacha kwa sababu ya mgongo!" nikaropoka. Binti haropoki kwenye posa yake, lakini ndiyo hivyo, ilishatoka.

"Mgongo?" Mzee akanitazama, uso ukalainika. "Ni mtoto muzuri huyo. Alikuwa ananifichia aibu."

"Kosa gani?" baba mdogo akauliza.

"Ilikuwa raundi ya kule Brainerd. Tairi la nyuma kushoto lilichomoka gari likiwa mbio. Joyeuse, ule binti mwenye kuendesha, akagonga ukuta, mkono ukavunjika. Alikuwa wa pili kwa pointi, Papa Martin. Miaka kumi na nane. Na karatasi ya ukaguzi ilikuwa na sahihi yangu."

"Hukulikaza?"

"Bon, sawa. Kwetu mafundi kuna sheria. Unakaza nati na spana ya kupima, spana ikilia ndipo unachora mstari wa njano. Kukaza kwanza, mstari nyuma. Mimi nilipita, nikaona mstari upo, nikatia sahihi. Nani aliuchora? Wiki tatu tulikuwa barabarani, hatukulala vizuri, vraiment, kweli kabisa. Nikauliza vijana wote, hakuna mwenye kusema. Basi nikasema, labda ni mkono wangu na nimesahau."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Kassian alilia siku ile kunipita mimi. Ndiyo maana namsemea leo bila woga. Huyu ni mutu wa kweli."

Mwenzenu nikaikumbuka simu. Jumamosi ile ya Brainerd asubuhi mimi ndiye niliyempigia Kassian. Nilikuwa na hasira, posa ilikuwa imeahirishwa mara ya tatu. Alipopokea nikasikia vyuma vinagongana, nikaanza moja kwa moja:

"Kassian, unanioa au unalioa hilo gari?"

"Brigitha, niko chini ya gari, nipe dakika."

"Dakika umepewa tangu Aprili. Nikikata hapa usinitafute tena."

"Usikate! Ngoja, hili la nyuma kushoto nalichora tu mstari, nitarudi kulikaza. Natoka nje tuongee."

Tukagombana dakika ishirini nzima. Kukaza, mstari, mimi nilikuwa sijui kipi kinatangulia. Sasa nilikuwa nimeambiwa, tena na mtu aliyefukuzwa kwa ajili hiyo.

"Brigitha," sauti ya baba mdogo ikanirudisha. "Barua hii tuipokee?"

Sebule nzima ikanitazama.

"Naomba dakika tano."

"Dakika tano za nini?"

Nilishatoka. Nikasimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya taka, nikapiga simu. Ikapokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Mke wangu! Wamepokea?"

"Sijawa mke wako. Mgongo wa mzee Sosthène unaendeleaje?"

Nyuma yake nikasikia injini zinapashwa moto.

"Kassian, siku ya Brainerd uliniambia nini kuhusu tairi la nyuma kushoto?"

"Nilikuwa nimechoka, Brigitha."

"Wote tumechoka. Uliniambia nini?"

"Kwamba nachora mstari, nitarudi kulikaza."

"Ukarudi?"

"Nilirudi nikakuta gari limeshashushwa, linasukumwa. Kichwani nilijua nimelikaza. Naapa, nilijua nimelikaza, mpaka nilipoliona lile tairi linapita peke yake kwenye nyasi."

"Na mzee alipouliza nani amechora?"

"Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake walikuwa wameshamfukuza. Nikasema keshokutwa. Kila siku ilivyopita ikawa ngumu kuliko ya jana."

"Wiki tisa, Kassian."

"Najua. Nazihesabu. Silali."

"Nilidhani umenichoka mimi! Wiki tisa nakaa najiuliza nimekosa nini."

"Brigitha, nisikilize. Baada ya leo imebaki raundi moja tu. Joyeuse amerudi, ni wa tatu kwa pointi. Nikisema leo nafukuzwa leo, na mafundi tumebaki wawili. Niache nimalize msimu, nitamwambia mzee mwenyewe."

"Mzee amekaa sebuleni na suti ya kanisani anakuita mtu wa kweli. Unanisikia?"

Nikamsikia anasogea mbali na injini.

"Usimwambie."

"Simwambii. Hiyo siyo kazi yangu. Ila mimi nimeulizwa swali mle ndani, na naenda kulijibu sasa hivi."

"Utajibu nini?"

Nikakata. Hatua tatu tu, ujumbe ukaingia: "Nakupenda. Nipe wiki mbili tu."

Nikaandika: "Na mimi nakupenda. Ndiyo tabu yenyewe."

Nikarudi sebuleni, nikapiga goti palepale.

"Baba mdogo, msiipokee."

Mama mdogo akashika kichwa. "Uuuwi! Brigitha!"

"Amekupiga?" baba mdogo akauliza, amesimama.

"Hapana, baba."

"Kuna mwanaume mwingine?"

"Hakuna. Nampenda huyo huyo."

"Sasa unatuchezea sisi?"

"Aulizwe mwenyewe. Mimi siwezi kumsemea."

Mzee Sosthène akaniinamia kidogo, akasema polepole, "Ma fille, binti yangu, ni juu yangu? Ni juu ya vile walinifukuza? Nilimwambia Kassian atafute mshenga mwenye kazi. Akakataa."

Hapo machozi yakanishinda. Nilitikisa kichwa tu. Mzee akadhani nasema hapana kwa heshima, akaanza kuomba radhi kwa wazee, anajishusha, anasema aibu ni yake, kijana hana kosa. Nilitamani zulia lile linimeze.

Simu ya mzee ikaita mezani, juu ya barua.

"Ni Kassian," akasema. Masikio yake yameharibiwa na injini, kwa hiyo kila simu huiweka kwa sauti kubwa. "Allô?"

"Mzee, uko na wazee bado? Naomba wasikie wote."

Baba mdogo akaruka. "Muoaji haongei kwenye posa yake! Wapi mmeona?"

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Leo nitaongea. Mzee Sosthène, ule mstari wa njano wa Brainerd niliuchora mimi. Nilichora kabla ya kukaza, nikatoka na simu. Ulipotuuliza nikanyamaza. Ukafukuzwa nikanyamaza. Nimekutuma posa nikiwa nimenyamaza."

Baba mdogo akarudi kitini.

"Nimeshamwambia Margaret, mwenye timu. Amenivua beji hapa hapa. Niko nje ya geti."

Mzee akaisogeza simu karibu.

"Siku ile nilipouliza, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yako, mzee."

"Nilikuwa nasikia mutu analia nyuma yangu," mzee akasema. "Nikafikiri ananililia mimi."

"Nisamehe, mzee."

"Bon."

Akakata simu. Akainuka kwa kusukuma magoti, akachukua barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Papa Martin, Mama Teresa, asante kwa chakula. Kilikuwa kizuri."

Hakuwa ameonja kitu. Baba mdogo alimsindikiza hadi kwenye gari, wakapeana mikono. Mimi nilipakua wali, nikaula peke yangu jikoni, bila hata kusikia ladha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Margaret alimpigia mzee Jumatatu, akamwomba radhi na kumrudisha kazini. Raundi ya mwisho mzee ndiye aliyekaza kila nati. Joyeuse alishika nafasi ya pili kwenye mbio hizo za mwisho, na msimu mzima akabaki wa tatu. Raundi mbili alizolala na mkono wa plasta zilimnyima kombe, wala hakuna wa kumrudishia.

Kassian hakunipigia. Wiki ya pili ulikuja ujumbe mmoja: "Nimeenda kwa kina Joyeuse kuomba msamaha. Amesema mkono umepona, ila yeye bado."

Nikajibu: "Umefanya vizuri kwenda."

Basi. Nikarudi kwa wazee wangu Crystal, nawageuza, nawalisha, nawapaka mafuta. Mama mdogo aliniuliza mara moja tu, "Ungeipokea, ukamgombeza baadaye, ingekuwaje?" Nikamwambia, "Ningegombana naye maisha yangu yote, mama mdogo. Ninazo nguvu hizo?" Hakuuliza tena.

Oktoba, Alhamisi moja mchana, nikasikia Kassian anafanya kazi kwenye gereji ya matairi mtaa wa Phillips. Nikaenda na sare zangu za kazini. Alikuwa amekonda, amepiga magoti kando ya gari la mtu, anakaza nati. Aliniona, lakini akamaliza kwanza. Akazirudia zote, moja moja, ndipo akasimama.

"Umekuja kubadilisha tairi?"

"Sina gari, Kassian. Unajua."

"Najua. Sikujua niseme nini."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilitaka mzee apokee simu yangu kwanza. Nilijiambia, asipopokea yeye, wewe nitakupigia kwa mdomo gani?"

"Amepokea?"

"Jana. Nimempigia siku ishirini na mbili."

"Alisema nini?"

"Alinitukana kwa Kifaransa, dakika kumi nzima. Sikuelewa hata nusu, lakini niliitikia yote."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Kisha nikaona nisipolisema lililonileta nitarudi nalo.

"Na mimi nilikuwemo, Kassian. Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia kelele kwenye ile simu."

"Simu haikazi tairi, Brigitha. Ile ilikuwa kazi yangu."

"Hata hivyo. Pole."

"Pole na wewe. Umechoka?"

"Sana."

"Hata mimi."

Tukakaa juu ya matairi mawili, bega kwa bega. Mwenye gereji akachungulia, akatuacha.

"Sasa itakuwaje?" nikauliza. "Utatafuta mshenga mwingine?"

"Nilimwambia mzee hivyo. Akakasirika upya. Amesema kazi hii alipewa yeye tangu Aprili na hamwachii mtu. Msimu umeisha, Jumamosi anayo."

"Baada ya yote yale?"

"Anasema siku ile alinisemea bila kunijua. Sasa ananijua, ndiyo atasema vizuri. Ila ana sharti."

"Sharti gani?"

Kassian akafuta mikono kwenye suruali, hakuthubutu kunitazama.

"Anasema hawezi kufukuzwa mara ya pili kwa ajili yangu. Kabla hajatoka nyumbani, anataka kujua utajibu nini."

Nilimtazama mtu huyu: macho mekundu, kucha nyeusi, anangoja.

"Mpigie," nikasema. "Mwambie aje, na safari hii ale."