Anayekungoja Nyumbani

Soko la Mgandini lina macho mengi kuliko samaki wake. Asubuhi ile sanduku kubwa lilipopita juu ya mkokoteni, limefunikwa gunia na kufungwa kamba, watu walikwisha kujua lina nini kabla mwenyewe hajaulizwa. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka tisini na nane. Mvua za El Nino zilikwisha lakini matope yalikuwa hayajapata habari, na Kombe la Dunia lilikuwa linaanza wiki ileile. Sanduku la namna hiyo lingebeba nini tena?

"Kaka, televisheni hiyo ni ya rangi?" akauliza muuza nazi.

"Na Brazili tutakuja kuwaona kwako wapi?" akadakia muuza ndimu.

Aliyeulizwa alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mundhir, mzaliwa wa Wete kule Pemba, fundi wa kompyuta aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Alitembea nyuma ya mkokoteni, mkono mmoja juu ya sanduku, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

"Si televisheni," alisema. "Ni kompyuta."

Watu wakatawanyika kama waalikwa walioambiwa harusi hii haina pilau. Hapo gurudumu likaingia shimoni, kamba ikalegea, na sanduku likateleza. Lingefika chini kama lisingekutana na mwanamke aliyeinama kwenye rundo la mitumba. Alilizuia kwa nyonga bila kuiachia blauzi aliyokuwa akiichagua. Buibui lake lilikuwa wazi mbele, ndani gauni la manjano, na kikuba cha asumini kimebanwa kifuani.

"Dada, umeniokolea kazi yangu," Mundhir alisema, pumzi juu.

"Nitaiokoa mpaka lini, nawe umesimama wanitazama? Shika upande huo. Nyonga yangu si meza."

Wakalirudisha juu, wakalifunga upya. Matope yalikuwa yamepanda mpaka kwenye lile shati. Mapenzi ya mjini huanza hivyo. Anayekwambia huanza kwa mawaridi hajawahi kutumwa sokoni.

"Uzito wote huu, linakula nini?" akauliza mwanamke.

"Majina ya watu. Kuna ofisi Raskazone ina watu mia tatu na kumi na wawili wa kujitolea, wanaopita nyumba kwa nyumba kufundisha kujikinga na kipindupindu. Majina yao yamo kwenye madaftari, na madaftari yamelowa mvua. Namtafuta mtu wa kupiga taipu."

"Huna haja ya kutafuta. Miye Thuwaiba. Nimepiga taipu miaka saba kiwandani, mpaka serikali ikakiuza. Aliyenunua akachukua mashine, sisi akatuacha getini." Alilisema akicheka, kama watu wanavyocheka jambo lililokwisha kuwaliza la kutosha.

Kesho yake alikuwa ofisini saa mbili asubuhi, kucha zimepakwa hina.

Mkuu wa ofisi ile, Mama Bibiana, alikuwa Msambaa mwenye miwani na sauti ya kwaya. Aliyaweka mambo mezani kabla hata ya chai. "Wafadhili wanakuja Ijumaa ya tarehe tatu Julai. Wakikuta majina yote kamili ndani ya hiyo mashine, kazi inaendelea. Wakikuta madaftari yenye ukungu, tunafunga mlango. Kipindupindu hakitafunga wa kwake."

Tabu ilikuwa moja: programu ilitoka Ulaya na maneno yake yalikuwa ya huko. Mundhir akamwonyesha Thuwaiba pa kuyabadilishia. Kushoto maneno ya Kizungu, kulia nafasi tupu.

"Unachoandika hapa mara moja, kinabadilika kwenye ukurasa wa kila mtu. Mimi nimejiandika namba moja, jana jioni, kwa majaribio. Yaliyobaki ni kazi yetu wawili."

"Kila mtu, kwa mara moja?"

"Hata wawe elfu."

Thuwaiba alikitazama kile kioo kwa muda. Kiwandani, kubadilisha neno moja kwenye barua mia kulikuwa ni kupiga barua mia upya. Akapangusa vidole vyake kwenye buibui, kama mtu anayetaka kushika msahafu, ndipo akagusa vitufe.

Neno lake la kwanza lilikuwa lile ambalo mashine huuliza kabla ya kufuta kitu. Akaandika: *Una hakika?* Chini yake akaweka majibu mawili: *Naam*, na *Ngoja kwanza*.

"Ngoja kwanza?" Mundhir akacheka. "Palikuwa na neno *hapana* hapo."

"Watu wa Tanga hatukatai ghafla, Mpemba. Tunamwacha mtu ajielewe."

Lakini fomu za karatasi Mundhir alikwisha kuzitoa kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyapata kwenye kamusi, na fomu hizo ndizo zilizotangulia kwenda kwa watu. Baada ya wiki zikaanza kurudi, mstari wa mwisho mtupu. Nyingine hazikurudi kabisa. Siku ya tisa akaja Mzee Shehe, mstaafu wa reli, kanzu safi, fomu ameishika kwa ncha za vidole.

"Shikamoo mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Mwanangu Mundhir, nisomee hapa chini."

Mundhir akasoma: "Mtu wa kuarifiwa ukifariki."

"Mimi nimekuja kujitolea, sikuja kujikatia sanda. Mtu anatoka nyumbani kwake kwenda penye kipindupindu, nanyi mnamwambia aandike kwanza nani aambiwe akifa? Uchuro huu. Kuna wenzangu sabini wamesema hawarudi."

"Mzee, ni mashine ndiyo inayouliza."

"Basi mashine na ianze yenyewe kujibu." Akaiacha fomu mezani, akatoka.

Thuwaiba alimgeukia Mundhir. "Weye mtoto wa Pemba mzima, hujui uchuro?"

"Najua. Lakini mtu akipatwa na jambo lazima tumjue wa kumwita. Hilo siwezi kuliondoa."

"Nani kasema liondoke? Kiwandani, mtu akikatwa na mashine, nani alikuwa akija mbio? Yule aliyekuwa nyumbani amefunika sahani, anachungulia mlangoni. Huyo ndiye mnayemtaka. Muulizeni kwa jina lake."

Akaufuta mstari ule kwenye kioo, akaandika maneno mawili: *Anayekungoja nyumbani*. Akabonyeza.

Wakapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine: wa watu wa Maramba, wa Kigombe, wa Ngamiani. Katika kila ukurasa kifo kilikuwa kimeondoka, na mahali pake amesimama mtu mlangoni. Mundhir, aliyezoea mashine hizo kama muuza kahawa alivyozoea mabuli yake, akarudi kuzifungua za Maramba mara ya pili.

Mzee Shehe akaitwa tena. Alivaa miwani, akasoma kwenye kioo polepole. "Anayekungoja nyumbani." Akavua miwani. "Mwanaidi. Andika Mwanaidi. Miaka arubaini na mmoja, hali chakula mpaka nirudi." Akabaki ameweka kiganja juu ya mashine, kama anayempa mtu pole.

Habari zikatembea. Wale sabini wakarudi. Wanawake wa Kigombe wakaja ishirini na sita kwa pamoja. Thuwaiba alikuwa amekwisha kuwabadilishia hata mahali pa siku za kazi, pakawa na *bamvua*, siku za maji makubwa, na *maji mafu*, siku za maji madogo, kwa sababu maji ya bamvua yakitoka wao huenda kuwinda pweza, na hakuna mfadhili atakayewazuia. Walisimama mbele ya kioo. Mmoja akanyoosha kidole kuelekea jina lake, asilifikie.

"Kumbe kinatujua," alinong'ona.

Na wale wawili? Mchana Thuwaiba alileta wali wa nazi kwenye hotpoti, akidai mama yake, Bi Wanu, amepika ukazidi. Ulizidi kila siku, kwa kipimo cha mtu mmoja mrefu. Jioni Mundhir alimsindikiza mpaka Makorora, na Mundhir akichelewa kazini, Thuwaiba alikaa kibarazani kwao mpaka amwone akipita.

"Laazizi, Jumapili ile baada ya wafadhili nitakuja kwenu na mtu mzima," Mundhir alisema siku moja, akichezea ufunguo wa ofisi.

"Mtu mzima wa nini? Sisi tunao wengi."

"Wa kusema nisiyoweza kusema."

"Mama hapendi wageni wanaobisha hodi mara mbili," alijibu, akauficha uso kwenye ushungi.

Jumatatu ya wiki ya wafadhili, utepe wa printa ukaisha wino, na Tanga nzima mwingine haukupatikana. Mundhir akapanda basi la Dar. Jumatano Thuwaiba akaanza kuzikagua kurasa zote kuanzia mwanzo. Akafungua namba moja.

*Jina: Mundhir Hamad. Anayekungoja nyumbani: Hakuna.*

Alisoma tena. Mlangoni hotpoti ilikuwa imekaa, imeoshwa. Simu ya ofisi ikalia.

"Kipenzi, nimepata utepe," sauti ya Mundhir ikasema kati ya mikwaruzo. "Kesho nipo. Umekula?"

"Anayeuliza ni nani?"

"Thuwa? Ni mimi. Mbona sauti imepoa?"

"Upepo wa bahari. Hivi Mundhir, ukirudi kesho, nani anakungoja?"

"Swali gani hilo? Sikusikii vizuri, laini ina..."

"Jibu lako nimeshalisoma." Akaweka simu chini taratibu, kama kitu cha watu.

Mundhir alipofika alikuta kipande cha karatasi kimebandikwa kwenye kioo, mwandiko wa Thuwaiba: *Namba moja, mstari wa mwisho. Jumapili usisumbue watu wazima.*

"Ameomba kwenda Kigombe na wale akinamama," Mama Bibiana akamwambia. "Macho yalikuwa mekundu. Sikumuuliza, na wewe sikuulizi. Lakini kesho wageni wanakuja."

Alifungua ukurasa. Alisoma neno lake chini ya maneno ya Thuwaiba, akaketi. Kisha akaiwekea printa utepe, akatoa majina yote mia tatu na kumi na mawili, maana watu wale walikuwa wamemwamini. Ijumaa wafadhili walipekua orodha, wakauliza bamvua ni nini, wakaelezwa, wakaandika kwenye vitabu vyao kwa heshima, wakasaini. Baada ya swala Mundhir alikwenda kumbishia hodi Mzee Shehe.

Jioni hiyo kule Kigombe, Thuwaiba alikuwa chini ya paa la makuti akionyesha maji yanavyochemshwa, mikono ya gauni imekunjwa. Gari la ofisi lilipofika na Mundhir akashuka na shati lake la pasi, wanawake wakatazamana.

"Ndiye huyu Bwana Hakuna?" mmoja akauliza kwa sauti.

"Ndiye," mwingine akadakia. "Mrefu bure."

"Thuwaiba, nina neno," Mundhir alisema.

"Sema. Hawa wote wenzangu."

Akasema mbele yao. "Ukurasa ule niliuandika jioni ya siku ile ya sokoni. Ulikuwa hujaja ofisini bado. Mashine iliniuliza nikifa aambiwe nani. Mama nilimzika Wete mwaka jana, na sikuwa na mwingine. Nilikaa nikafikiri sana, nikaona hata wa kupigiwa simu simjui. Nikajibu kweli. Kisha weye ukaja ukabadili swali, kwa watu wote kwa mara moja. Majibu hayakubadilika. Langu lilibaki palepale, chini ya swali lako."

Maji yakaanza kutokota na hakuna aliyeyatazama. Thuwaiba alikuwa amelisoma neno lile kama tusi. Sasa alimwona mtu mmoja kwenye ofisi tupu, bado ana matope ya Mgandini kwenye shati, anaandika herufi sita kwa kidole kimoja na kuendelea na kazi. Aliifurahia ile mashine inavyogeuza kurasa zote mara moja. Hakuwahi kufikiri chini ya kila swali alilolibadilisha kuna mtu aliyekwisha kujibu la kwanza.

"Kwa nini hukulifuta?" akauliza, sauti imeshuka.

"Sikurudi tena namba moja. Nilikuwa nawatazama wengine wakijaza wa kwao. Na jina la mtu haliandikwi bila ruhusa yake."

Mlango wa pili wa gari ukafunguka. Mzee Shehe akashuka, kanzu na koti, bakora mkononi.

"Binti," alisema, "mimi ndiye mtu mzima. Umekataza nisisumbuliwe Jumapili, lakini barua hiyo sikuandikiwa mimi. Niende kwa mama yako au nirudi kwa Mwanaidi, sahani imefunikwa?"

Wanawake walishika midomo. Thuwaiba akaangalia chini, akakunjua mikono ya gauni, mmoja, na wa pili.

"Jumapili nenda kwa mama, mzee wangu. Yeye atajibu ya wazee. Langu nitalijibu kwenye mashine."

Jumapili Bi Wanu alipokea wageni waliobisha hodi mara moja tu. Jumatatu saa mbili asubuhi Thuwaiba alikaa mbele ya kioo, hina mpya vidoleni, Mundhir amesimama nyuma yake bila kuthubutu kugusa kiti. Akafungua namba moja. Akafuta *Hakuna*, akaandika *Thuwaiba*, akabonyeza.

Mashine ikasita, kama kawaida yake, kisha ikauliza kwa maneno aliyoifundisha yeye mwenyewe:

*Una hakika?*

Thuwaiba akakipeleka kialama cha mshale polepole mpaka juu ya *Ngoja kwanza*, akakiacha hapo mpaka akasikia mtu wa nyuma yake akimeza mate. Akacheka, akakirudisha, akabonyeza *Naam*.