Alichokijua Slavka

Kila mwaka pilipili hoho zikiiva, Slavka alikoroga ajvar katika kiwanda kidogo cha mjini kwao. Rojo lake la hoho za kuchoma halikuungua hata siku moja. La wenzake liliungua mara kwa mara. Lakini wakimsogelea kuangalia, aliwapa mgongo, akajifanya anatafuta chumvi.

Hakuzaliwa mchoyo. Zamani alimweleza msimamizi wao, Momir, namna ya kujua wakati wa kupunguza moto. Momir akamwambia mwenye kiwanda kwamba ameigundua mwenyewe. Akasifiwa, akapandishwa cheo. Slavka alipouliza, alipelekwa kuosha chupa msimu mzima. Tangu hapo akafunga mdomo, na wenzake wakaacha kumwita mezani. Mchana alikula mkate na jibini peke yake nyuma ya jengo. Nyumbani nako hakuna aliyemngoja. Upweke ulimuuma sana, ila aliogopa zaidi kuporwa tena.

Mwaka huu alikuja msimamizi mpya, Jelica. Siku moja aliwaambia waongeze kuni ili kazi iishe mapema. Sufuria ya Vesna, aliyekoroga jirani na Slavka, ikaungua yote. Mwenye kiwanda akaja amefura.

"Nani kaunguza?"

Vesna akaweka mwiko chini.

"Ni mimi, bosi," akasema Jelica. "Niliwaharakisha. Vesna hana kosa."

Alikaripiwa mbele ya wote, wala hakumtupia mtu lawama. Bosi alipoondoka, Slavka alimfuata.

"Mbona umejitwika mzigo wote? Ungenyamaza tu."

"Nikiwabebesha ninyi makosa yangu, dada, kesho nani ataniambia ukweli? Habari za Momir nimezisikia. Mtu hafundishi mahali anapoibiwa. Ukitufundisha ujuzi wako, nitasema ni wako, hata kwa bosi."

Slavka akaenda kwa Vesna.

"Wewe, acha kuchungulia rangi. Sikiliza. Sufuria ikianza kuguna kwa sauti nzito, toa kuni. Makaa yatamalizia."

"Na miaka yote hii umetuacha tunaunguza?"

"Niliogopa, Vesna. Nisamehe."

Wiki hiyo hakuna sufuria iliyoungua. Bosi alipokuja kupongeza, Jelica alimwambia mbele ya wote, "Aliyetufundisha ni Slavka."

Mchana, Slavka akiwa anatoka na mkate wake, Vesna alimwita kutoka mezani.

"Dada, kahawa yako niitie sukari?"

Miaka yote chini ya paa moja, na hakuna aliyejua anavyokunywa kahawa.

"Tia," akasema Slavka, akavuta kiti. "Tia nyingi."