Jina Lililobaki Herufi Moja

Asikudanganye mtu: haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu lingeona pia. Wengine wanasimulia walichosikia. Mimi nilikuwa dirishani.

Fundi cherehani wa nyumba ya mbele yangu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Urithi wake wote ni cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu mama. Serikali ilipopinduliwa, watawala wapya wakatangaza redioni: asiyethibitisha jina la babu yake kufikia Ijumaa, aondoke nchini. Fundi akakimbilia masjala.

Karani akafungua daftari. Ukurasa wa ukoo wake umekatwa, kimebaki kipande penye mshono.

"Nani kaukata, baba?"

"Waliotangulia. Kila serikali huja na mkasi wake, mwanangu." Akamwonyesha kurasa nyingine. "Walio hai tunawaandika kwa wino mweusi, wafu kwa mwekundu. Wa kwenu sina hata doa."

Fundi akarudi nyumbani mikono mitupu. Chumba kilinuka karatasi iliyolowa. Sindano aliyoiacha na uzi mweupe ilikuwa na mwekundu. Akadhani kasahau.

Kesho yake adhuhuri, yuko uani anaanika nguo, cherehani ikalia ndani.

"Mwenzangu," jirani akachungulia ukutani, "siku hizi unashona kwa rimoti?"

Fundi hakucheka. Aliingia akakuta kanyagio linapanda na kushuka bila mguu, na kitambaa cheupe kinatambaa chini ya sindano, na herufi nyekundu zinaota moja baada ya nyingine, jina la mama, kisha la baba aliyemjua kwa picha tu, kisha la babu ambalo hakuna aliyewahi kumtamkia, na ile harufu ikajaa chumbani, na mashine ikavuta pumzi kama mtu aliyezuia kilio miaka mingi, halafu ikaanza jina la mwisho, nalo lilikuwa lake yeye.

Akaitwa mganga. Mganga akaganda kizingitini.

"Jini la ukoo wenu," akanong'ona. "Linakusanya watu wake. Likimaliza jina lako, nawe umekwisha. Tukichome hicho kitambaa."

"Ndiyo ushahidi wangu pekee, mzee."

"Utakuwa hai."

"Hai wa wapi? Hai wa kwa nani?"

Mganga akawasha kiberiti. Kitambaa kikateketea, cherehani ikanyamaza. Ijumaa askari wakampakia fundi lorini.

Basi, kitu kimoja nimekibuni: mganga. Mtaa mzima ulikuwa unafunga mizigo, nani angekuja? Yale maneno ya pande zote mbili fundi aliyasema peke yake, mbele ya cherehani, na kiberiti alikuwa nacho mwenyewe mkononi. Hakukiwasha. Alikichomoa kitambaa chini ya sindano kabla jina lake halijaisha, akakipeleka masjala. Karani akakishika, akakisoma, machozi yakamtoka.

"Wanataka karatasi, mwanangu."

Ijumaa fundi akapanda lori na cherehani yake, kitambaa kifuani, jina lake limebaki herufi moja. Lori lilipokunja kona nilisikia kanyagio linaanza.

Hilo sikulibuni.