Mgeni wa Kutokea Dirishani

"Wankyo! Wankyo we! Njoo uone, mgeni wetu ametokea dirishani tena!"

Wankyo alikimbia uani na mswaki mdomoni. Akawahi kuona kisogo tu. Kwabena, mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Ghana, kijana mwenye urefu wa mlango na adabu ya padri, alikuwa anapangusa vumbi magotini chini ya dirisha la chumba chake. Alipomwona Mama Dafroza, mama yake Wankyo, amesimama na kikombe cha uji, akafunika uso kwa daftari, akauzunguka ukuta wa choo, akapotelea vichochoroni mwa mtaa wa Kigera, Musoma, kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Hii ni mara ya ngapi?" Mama Dafroza akauliza.

"Sijahesabu, Mama."

"Ya nne! Mlango uko wazi, mimi nimesimama koridoni na uji wake, mtu ananiona, anarudi chumbani, anaruka dirisha! Mimi nimeota pembe?"

"Labda amechelewa chuo."

"Wiki tatu anachelewa? Hali na mimi. Mkono hanipi. Nikiingia sebuleni anatoka kama moshi. Alikuwaga hivi huyu?"

"Hapana, Mama."

"Na majirani wana macho. Jana Benedikta kaniuliza, 'Mgeni wako mbona anakukimbia, ameota nini?' Unajua maana yake?"

Wankyo alijua. Mtaani pale mgeni akikimbia chungu cha mjane, hakuna anayesema chumvi imezidi. Wanasema chunguni kuna kitu.

Na hakuna aliyelitegemea hilo. Miezi mitano nyuma, chuo kilipotafuta familia za kupokea wageni wanaokuja kusomea mambo ya samaki, Mama Dafroza ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Kwabena alishuka na begi moja na Kiswahili alichojifunza darasani Accra, akasema, "Shikamoo mama mpendwa, nimefurahi upeo wa kufurahi kukutana nawe," majirani wakadhani kuna mtu amewasha redio. Siku hiyo hiyo akameza tonge la udaga, ugali wa muhogo, bila kutafuna, kwa sababu kwao fufu humezwa hivyo hivyo. Mama Dafroza akampiga mgongoni mpaka kifaranga kilichokuwa jirani kikatapika. Lakini alizoea. Nani asingezoea? Mama yule akikaanga sato, paka wa Nyakato walihama ukoo mzima kuja Kigera. Mwezi wa pili akawa anamwita "mwanangu", na Kwabena anapara magamba huku anaimba.

Asilolijua mama ni kwamba mwezi wa tatu kijana alianza kupeleka shati moja lile lile kwenye cherehani ya Wankyo pale Nyakato. Kifungo kimekatika. Kesho kimekatika tena. Mara ya sita Wankyo akamuuliza, "Kwabena, unavikata na meno?" Naye akajibu, "Naam." Mapenzi yakaanzia hapo. Walikubaliana kwamba kabla hajamaliza masomo mwezi wa saba, angekuja kwa mama kwa maneno ya kiungwana.

Badala ya maneno, akaanza kuruka madirisha. Tena tangu siku aliyorudi kutoka Butiama kumtembelea Mjomba Burito, kaka mkubwa wa mama.

"Jumatatu naenda chuoni," Mama Dafroza akasema, akimwaga uji kwenye bakuli la mbwa. "Waje wamchukue."

"Mama, ukimkataa watamrudisha kwao! Ndiyo sheria yao, familia ikikukataa safari imeisha."

"Basi imeisha. Na wewe mbona sauti inatetemeka? Au una lako?"

"Sina, Mama."

"Haya. Mswaki huo, umemeza dawa yote."

Mchana Wankyo aliporudi, chumba cha mgeni kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa, begi halipo. Akaandika haraka: *Uko wapi?*

Jibu likaja baada ya saa nzima: *Kipenzi, siwezi tena kulala katika nyumba ile. Nitakueleza kila kitu wakati wake. Nakusihi usimwambie mama.*

*Wakati gani? Jumatatu mama anakuja kukukataa chuoni!*

Ujumbe ukasomwa, alama mbili za buluu zikamkodolea macho.

Kesho yake, Ijumaa, kabla hajakaa vizuri kwenye cherehani, Flora, mwenzake wa meza ya pili, akasogeza kiti.

"Wankyo, nikikwambia utanichukia?"

"Sema."

"Jana nilikuwa Bunda kwa dada. Mghana wako nimemuona kijijini Guta."

"Guta anatafuta nini?"

"Sijui anatafuta nini, ila nimekuonea alichokipata." Akampa simu. Pichani Kwabena amesimama dukani ameshika kitenge cha zambarau, na pembeni yake msichana mweupe wa sura, anacheka, mkono juu ya tumbo. Tumbo lenyewe lilikuwa limetangulia mbele kama mgeni rasmi.

"Ni mjamzito," Wankyo akasema polepole.

"Mimi sijasema kitu."

"Flora, Kwabena ana miezi mitano tu nchini."

"Na tumbo lile ukilitazama vizuri lina mingapi?"

Wankyo akapiga simu hapo hapo. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya kike, laini kama siagi.

"Nampata Kwabena?"

"Anaoga. Nimwambie nani?"

"Anaoga wapi?"

"Si hapa nyumbani! Wewe nani, dada?"

"Na wewe nani?"

"Mimi Lilian. Ngoja... we ndo Wankyo? Mama yangu! Nimekatazwa kuongea na wewe."

Simu ikakatwa.

Flora akatikisa kichwa. "Anaoga, halafu amekatazwa. Mdogo wangu, hapo hata kipofu angeona."

Jumamosi asubuhi Mama Dafroza akavaa gauni la kanisani. Alikuwa anakwenda Butiama kwa kaka yake, kumuuliza mtu afanye nini mtaa ukianza kumwita mchawi. Wankyo akasema ana kitambaa cha mteja cha kufuata Bunda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la pili.

Guta nzima ilimjua Mghana. "Yule mrefu? Yuko kwa mzee Faustine, kule kwenye zizi."

Alimkuta kavaa gambuti, tope mpaka mashavuni, anamvuta mbuzi dume mwenye ndevu kama za hakimu. Mbuzi anarudi nyuma, Kwabena anakwenda naye. Lilian amekaa kwenye kigoda anacheka mpaka anashika mbavu.

"Endelea tu," Wankyo akasema. "Msimame kwa ajili yangu?"

Kwabena akaachia kamba. "Wankyo! La hasha! Hukupaswa kufika hapa!"

"Najua sikupaswa. Hongera ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyo hapo! Au utasema ni ugali?"

"Weee!" Lilian akainuka. "Dada, hili tumbo lina mwenyewe. Silasi! Silasi, njoo huku, unanyang'anywa mtoto!"

Mwanamume kibonge akatokea nyuma ya zizi, amemdaka yule mbuzi kwa pembe. "Nani ananinyang'anya? Mimi ndo mume wake. Tumekuja kwa baba yake, mzee Faustine, ajifungulie hapa."

Wankyo akamwomba radhi. Lakini moyo ukishapata homa ya mashaka, kidonge kimoja hakitoshi.

"Na kile kitenge?"

"Cha mama yako," Kwabena akasema.

"Cha mama yangu! Mama unayemrukia madirisha? Kwabena, usinifanye mtoto. Mbuzi wa nini? Umekatazwa na nani kusema?"

"Niliapa."

"Basi kaa na kiapo chako. Mimi narudi Musoma, na Jumatatu nitamsindikiza mama chuoni kwa miguu yangu."

Aligeuka, akapiga hatua tatu. Ya nne, Kwabena akapiga ukelele.

"Ni mila! Mama yako ni mkwe wangu!"

Wankyo akasimama.

"Nilikwenda Butiama kumuuliza Mjomba Burito namna ya kukuposa," Kwabena akasema, machozi yanachora njia kwenye tope la shavu. "Akaniambia, ukishampenda binti, mama yake humtazami. Humpi mkono. Huli mbele yake wala hupiti njia aliyosimama. Hulali chini ya paa lake. Akasema mwanamume aliyechungulia chungu cha mama mkwe, jicho la kushoto lilihama likaenda kisogoni. Mpaka umpelekee mbuzi na kitenge, ndipo unafunguliwa. Na nikimwambia msichana, yote yanaharibika. Akanielekeza kwa rafiki yake, mzee Faustine, nilale huku na nichague mbuzi; fedha ya mbuzi ndiyo iliyochelewa wiki tatu."

"Jicho kisogoni?"

"Alisema alimjua mtu mwenyewe. Alikuwa anaendesha baiskeli kinyumenyume."

Wankyo alitaka kucheka, akajizuia. Mjomba aliweza kusema hayo. Lakini na mwanamume aliyebanwa aliweza kuyatunga.

"Tumpigie," akasema. Akaweka simu sauti ya juu. "Mjomba, shikamoo. Wewe ulimwambia Kwabena amkimbie mama?"

Sauti ya Burito ikaja, kavu: "Kwabena nani?"

"Mghana!"

"Mimi? Simjui. Hata Ghana siijui."

Kwabena akashika kichwa. "Mzee! Tulikula kambale pamoja!"

"Kambale sili mimi. Nina kazi, kwaheri..."

Wankyo alimtazama Kwabena. Miezi mitano ilimpita machoni: vifungo, nyimbo, ahadi. Akafungua mdomo kusema neno ambalo lisingerudi. Kabla halijatoka, simu ikatoa mlio wa kigoda kuanguka.

"BURITO!" Ilikuwa sauti ya Mama Dafroza. "Si juzi umeniambia huyu mtoto alikuja kwako mkala kambale wawili?"

"Dada, tulia kwanza..."

"Lete hiyo simu! Wankyo, uko na huyo kijana? Nimesikia yote, huyu kaka yangu anawekaga sauti kubwa kama ngoma. Mpe simu."

Wankyo akamsogezea. Kwabena akageuza uso, akatazama mti, akaziba macho.

"Mama, hataki. Anaficha uso mpaka kwenye simu."

Mama aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Njooni Butiama. Wote. Leo."

"Na mbuzi?" Kwabena akanong'ona.

"Anauliza na mbuzi, Mama."

"Na mbuzi!"

Walifika jua limeanza kulala upande. Burito alikuwa amekaa mbali, anapukuchua mahindi ambayo hakuna aliyemtuma. Kwabena akasimama katikati ya uwanja, mgongo kwa mama mkwe, kamba mkononi, kitenge kichwani ili kisichafuke.

"Burito," Mama Dafroza akaanza, "mila hiyo ipo?"

"Ipo. Baba yetu hakuwahi kula mbele ya bibi. Nilitia chumvi kidogo tu, dada."

"Jicho la kisogoni ni kidogo?"

"Mtoto alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari! Ungekuwa wewe ungeacha?"

"Na dirisha?"

"Dirisha siyo langu. Dirisha ni elimu yake mwenyewe."

"Ulisema nisipite njia aliyosimama," Kwabena akaueleza mti uliokuwa mbele yake. "Koridoni njia ni moja."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Dafroza alikuwa analia.

"Wiki tatu," akasema. "Nilikuwa napika, naonja, nasema pengine mkono wangu unanuka. Nilibadilisha sabuni. Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Wewe mtoto, nimekulisha miezi mitano, ulishindwa kuniuliza mimi?"

Kwabena akapiga magoti, bado kageuka. "Niwie radhi. Nilidhani nakuheshimu."

"Mila hiyo ni ya mtu aliyekwisha kupokelewa. Wazee wamekaa, wamekubaliana, ndipo anaona aibu. Wewe hata hodi hujapiga! Umeanza kuwa mkwe kabla hujawa mchumba. Ndiyo kujenga paa halafu uchimbe msingi. Geuka."

"Naogopa."

"Jicho halihami. Geuka."

Akageuka. Mama Dafroza akamtazama muda mrefu, tope, machozi, kitenge kichwani. Akauma midomo.

"Sasa niombe unachotaka."

"Mama mpendwa," Kwabena akasema, na safari hii Kiswahili cha vitabu kikamkatikia njiani. "Nampendaga Wankyo. Naomba."

"Nampendaga!" Burito akapiga paja. "Amekuwa wa kwetu!"

"Nyamaza wewe. Wankyo, unamtaka?"

Macho yote yakamgeukia. Wankyo alimtazama mbuzi, akamtazama Kwabena.

"Ana siri nyingi huyu. Mwezi wa saba anaondoka. Ataniachia mbuzi?"

Kwabena akatoa simu, akapiga kwao Kumasi. Kwenye video akatokea mama yake mwenye kilemba, nyuma yake shangazi saba wanagombea kioo. Wote wakaanza kupunga mikono na kupiga kelele.

"Wanasema nini?" Wankyo akauliza.

"Wanakuita jina lako. Wanalijua tangu kifungo cha kwanza. Mama anauliza chumba chako tukipake rangi gani."

Wankyo akaficha uso kwenye bega la mama yake. "Namtaka," akasema humo humo.

Benedikta ndiye aliyeongoza vigelegele harusini, kwa sauti kubwa kuliko wote, kama mtu anayefuta maneno aliyoyasema. Burito alipewa adhabu ya kuchinja, kuchuna na kutozungumza na bwana harusi mpaka keki ikatwe. Inasemekana alivimba shavu kwa kuzuia hadithi.

Siku ya safari, Mama Dafroza alimfungia binti yake unga wa udaga kwenye mfuko, akamshika mikono.

"Sasa mgeni ni wewe. Ukifika kule kila nyumba ina mambo yake. Usilolielewa, kamuulize mama yake mwenyewe, uso kwa uso."

"Sawa, Mama."

"Wajomba waamkie tu, upite."